Thaimu inakubali huku Pwani? Niko Tanga, nataka kupanda ya kwangu

MamaSwaumu_Tanga

Habarini za mchana wadau wa bustani na wa jikoni. Mimi niko Tanga mjini, napika kwa oda, na siku hizi nimepata gesti za njia ya Pangani ambazo wageni wao wanapenda sana samaki wa kuoka, kuku wa kuoka na viazi vya oveni, na kila oda ikija shefu wao lazima aniambie mama weka thaimu (thyme, lile jani dogo la kiungo lenye harufu), tena sio ile ya kwenye kikopo, anataka mbichi. Sasa mbichi hapa mjini kuipata ni shughuli, unaagizia Arusha au Dar na ikifika imeshalegea imekuwa nyeusi, halafu bei yake kwa kile kishada kidogo naona bora nipande mwenyewe. Nina baraza linalopiga jua toka asubuhi mpaka alasiri na kieneo kidogo nyuma ya nyumba.

Wengine wananiambia huo ni mmea wa baridi, Lushoto na Njombe huko, pwani nisijisumbue. Ni kweli? Na jikoni inaingia mwanzo au mwisho kama kotmiri? Halafu mama mkwe anasema ni dawa ya kifua, mjukuu wake anakohoa anataka nimchemshie, hapo ndio nimesita kabisa. Na kama kuna anayejua asili ya hili jani atueleze, mi napenda kujua ninachowalisha watu.

Mkulima_Usambara

Dada MamaSwaumu, shikamoo kama umenizidi, kama tuko sawa basi salamu tu kutoka Lushoto. Hao wanaokwambia mmea wa baridi wameona unastawi huku kwetu ndio wakadhani ni baridi inayoustawisha. Thaimu asili yake ni vilima vya kusini mwa Ufaransa, Hispania na Italia, kule karibu na bahari ya Mediterania, na kiangazi cha kule ni jua kali haswa, mvua haionekani miezi mizima, mmea umejishika kwenye mawe ya chokaa hauna hata udongo wa kueleweka. Kwa hiyo joto la Tanga si adui yake. Adui yake ni maji ya kutuama na unyevu wa hewa unaokaa kwenye majani usiku kucha. Ukiona thaimu imeanza kuwa nyeusi kuanzia chini kwenye shina jua mizizi inaoza, na hapo watu wengi wanaona mmea umelegea wanauongezea maji, wanaumaliza.

Sasa wewe una bahati moja ambayo hata mimi sina. Tanga imekaa juu ya chokaa, mapango ya Amboni yale si ni chokaa tupu, na kokoto nyeupe za chokaa hapo kwenu zinauzwa kila mahali. Huku kwetu milimani udongo ni mwekundu wenye uchachu kwa hiyo sisi inabidi tununue chokaa tunyunyizie, wewe unachukua kokoto ndogo za machimbo unachanganya na udongo na mchanga mkubwa wa mtoni, kiasi sawa kwa sawa, basi hapo thaimu itajiona iko kwao. Usichukue mawe ya ufukweni, yana chumvi na matumbawe hayatakiwi kuguswa. Tumia chungu cha udongo wa kufinyanga, sio ndoo ya plastiki, chungu kinapumua, na kiwe na matundu chini, kina chake sm 20 zinatosha. Juu ya udongo tandaza kokoto tena ili majani ya chini yasilalie unyevu.

Mbegu mi sikushauri uanze nazo. Ni ndogo kama punje za ugoro, zinachukua siku 14 mpaka 28 kuota, hazitaki kufukiwa, zinawekwa juu juu tu, na kwa joto la pwani kitalu kinakauka ukigeuka kidogo. Tafuta vipandikizi, kata kitawi laini cha sm 8 hadi 10 ambacho hakijatoa maua, toa majani ya nusu ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu ukiweke kivulini, wiki tatu nne kinashika mizizi. Njia nyingine rahisi zaidi ukishapata mama mmoja ni kulaza tawi, unaliinamisha liguse udongo unaweka jiwe juu yake, linatoa mizizi lenyewe unakuja kulikata baadaye. Ukihamishia ardhini acha sm 30 kutoka mche hadi mche, hewa ipite.

Kumwagilia: tia kidole, udongo ukiwa mkavu mpaka kifundo cha kwanza ndio unamwaga, unamwaga vizuri mpaka maji yatoke chini, halafu unaacha. Asubuhi, sio jioni.

Bustani_ya_Kibarazani

Mkulima kasema vizuri ila kwenye hiyo ya "itajiona iko kwao" hapo nampinga kidogo. Mimi niko Dar, thaimu ninayo, lakini dada usidanganyike kwamba itakaa miaka kama ya Lushoto. Masika yakiingia Machi mpaka Mei hewa yenyewe ni maji, hata usipomwagilia inachoka. Ninachofanya, vyungu vyote navihamishia chini ya paa mvua zikianza, na kila mwaka nachukua vipandikizi vipya kabla ya masika, kwa hiyo yule mama akifa watoto wapo. Ukiichukulia kama mmea wa mwaka mmoja mmoja kwa huku pwani hutaumia moyo.

Na samadi jamani, watu wa pwani tunapenda kumwaga samadi kila kitu. Thaimu ukiishibisha samadi inarefuka, majani laini makubwa, harufu hakuna. Ile harufu ni mafuta ambayo mmea unayatengeneza kujilinda, kwenye raha hauna sababu ya kuyatengeneza mengi. Mboji kidogo tu wakati wa kupanda, basi.

Mkulima_Usambara

Hapo kwenye samadi nakubaliana na wewe mia kwa mia. Kwenye miaka, hata huku ikifika mwaka wa tatu wa nne inakuwa miti mitupu chini, majani yamebaki nchani, lazima uibadilishe. Cha muhimu ni kupogolea, ukivuna usizidishe theluthi moja ya mmea kwa mara moja na usikate mpaka kwenye ule mti mkavu usio na majani maana hapo haichipui tena. Vuna asubuhi umande ukishakauka, na kabla maua hayajafunguka ndio mafuta yako mengi.

Shefu_Kanairo

Sasa mama, mimi ni mpishi Nairobi, nimefanya kwa hoteli miaka mingi, wacha niguse hiyo ya jikoni. Thaimu si kama dania (hiyo yenu mnaita kotmiri). Dania ukiichemsha sana inapoteza kila kitu, ndio maana inaenda mwisho. Thaimu jani lake ni gumu na dogo, mafuta yake yanatoka polepole, kwa hivyo unaiweka mapema, pamoja na vitunguu, iive na nyama. Mchuzi wa nyama ya mbuzi wa masaa mawili ukiweka vitawi vitatu mwanzoni utakuja kuniambia.

Kwa samaki wa hao wageni wako, chukua changu au kolekole mzima, mpasue tumbo, weka ndani vitawi vizima, slaisi za ndimu, kitunguu saumu kilichopondwa, chumvi, mafuta kidogo, funga, oka. Usiipondeponde thaimu ndani ya samaki, inashinda ladha yake. Kwa kuku, changanya majani na siagi na saumu upake chini ya ngozi, sio juu, juu inaungua inakuwa chungu. Viazi ni rahisi, rusha vitawi kwa trei dakika kama ishirini za mwisho. Kutoa majani shika kitawi kwa ncha halafu vuta vidole kurudi nyuma kuelekea chini, yanatoka yote mara moja, usikae ukichuma moja moja. Wafaransa wanafunga thaimu, kitawi cha paseli na jani la bei (bay leaf) kwa uzi, wanatupa kwa sufuria, ikiiva wanatoa furushi lote, na hiyo ndio inafanya supu yao isiwe na takataka za majani.

Kipimo, iliyokauka ina nguvu kuliko mbichi, kijiko kimoja cha chai cha kavu ni kama vitatu vya mbichi. Wapishi wengi huharibu hapo, wanaweka kavu kwa kipimo cha mbichi chakula kinanuka dawa.

Halafu wacha nikwambie kitu kitakachokufaa wewe mtu wa pwani. Watu wanafikiri thaimu ni ya chakula cha wazungu tu. Jamaika wanapika wali na maharagwe mekundu kwa tui la nazi, wanaweka thaimu, kitunguu cha majani na pilipili nzima isiyopasuliwa juu, na hiyo ni karibu sana na wali wa nazi wenu, yaani ukiijaribu kwa ule wako hakuna mtu ataona umebadilisha sana ila atauliza umeweka nini. Na Wanigeria wali wao wa jollof unapikwa kwa nyanya, pilipili, unga wa bizari, jani la bei na thaimu, bila thaimu wateja wangu wa Nigeria wanarudisha sahani. Kwa hivyo usijifungie kwa samaki wa gesti peke yake.

Ile kuwa nyeusi njiani ni kwa sababu inafungwa kwa plastiki ikiwa na maji. Mwambie anayekutumia asiioshe, aifunge kwa karatasi ya jikoni yenye unyevu kidogo ndani ya kopo. Kwa friji hivyo inakaa hata wiki na zaidi.

Mwalimu_Mstaafu

Nimefurahi kuona kuna anayeuliza asili ya chakula chake, maana siku hizi watu wanataka resipe tu. MamaSwaumu nikupe kidogo, na kuna moja inakuhusu wewe moja kwa moja.

Theophrastus, yule Mgiriki mwanafunzi wa Aristotle aliyeandika habari za mimea zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, ameandika kwamba watu wa zama zake walisema thaimu haishiki mahali ambapo upepo wa bahari haufiki, na ndio maana eti haikuota Arcadia, nchi ya ndani ya milima. Yaani wao waliiona ni mmea wa pwani! Kisayansi si kweli, maana inaota hata mbali na bahari, lakini nimeileta uwaoneshe hao wanaokuambia pwani haiwezekani. Wataalamu wa mimea wanaona thaimu ya Wagiriki wale kwa sehemu kubwa ilikuwa ni ndugu wa hii ya kwetu, Thymbra capitata, inayopenda zaidi ukame, hii tunayopika leo ndiyo Thymus vulgaris, jina alilolisajili Linnaeus mwaka 1753. Wagiriki wale hawakuithamini kwa kitoweo tu. Asali ya mlima Hymettus karibu na Athens ilisifika dunia nzima ya zamani, na sifa yake ilitokana na nyuki kula maua ya thaimu. Anayefuga nyuki hapa Tanga afikirie hilo.

Halafu ikaja kemia. Mwaka 1719 mkemia wa Berlin, Caspar Neumann, alitoa ndani ya mafuta ya thaimu fuwele ambazo baadaye ziliitwa thaimoli. Hiyo thaimoli ndiyo roho ya jani lote, ndiyo harufu unayoisikia ukilisugua. Inaua vijidudu kweli kweli, ndio maana imo mpaka leo kwenye dawa ya kusukutua mdomo ya Listerine, na wafuga nyuki wa Ulaya wanaiweka kwenye mizinga kuua utitiri wa varoa.

Na hii wengi hawaijui: thaimoli ndiyo ilikuwa dawa ya safura, ule ugonjwa wa minyoo inayonyonya damu. Kule majimbo ya kusini ya Marekani, kati ya 1909 na 1914, tume iliyofadhiliwa na Rockefeller ilizunguka vijiji ikipima watu safura na kuwapa vidonge vya thaimoli, kabla na baada yake wananywa chumvi ya kuharisha ili minyoo itoke. Mgonjwa alikatazwa kabisa mafuta na pombe siku hiyo, kwa kuwa vilifanya thaimoli iingie kwenye damu na ingeweza kumuua. Dawa hizo zilishaachwa, leo tuna albendazole iliyo salama zaidi, lakini mimi nikisoma habari ile naiheshimu sana ile mimea midogo. Watu waliokuwa wamepauka hawana nguvu ya kushika jembe walirudi mashambani kwa sababu ya kemikali iliyojulikana kwanza kwenye jani la kitoweo.

Na si lazima twende Ulaya. Ethiopia wana thaimu zao wenyewe, Thymus schimperi na Thymus serrulatus, hazipatikani kwa asili pengine popote duniani, zinaota juu huko milima ya Bale, Shewa na Gondar. Wanaiita tosinyi, wanaiuza sokoni kavu, wanaitia kwenye chai na kwenye shiro, mchuzi wao wa unga wa dengu. Hii ni Afrika yetu hapa jirani.

BintiUnguja_Muscat

Assalaam alaykum. Kaka mwalimu umenigusa. Sisi huku Oman tuna zaatari ya milimani, watu wanaichemsha kama chai mtu akiwa na mafua au tumbo limemsokota, bibi yangu hakai bila ya kuwa nayo ndani ya kabati. Harufu yake na thaimu ni mtu na dada yake. Ila dada MamaSwaumu usije ukanunua zile paketi za zaatari ya Shamu ukadhani ndio mbadala wa thaimu kwa samaki wako, ile huchanganywa na ufuta na sumaki (kile kiungo chekundu kichachu) na chumvi, ni ya kulia mkate na mafuta ya zeituni, tena jani lake mara nyingi ni la oregano ya huko. Tamu mno lakini kazi yake nyengine.

Mfamasia_Dom

Naomba niingie kwenye suala la mjukuu kabla mambo hayajaenda mbali, kwa sababu hapa watu wamesifia thaimoli na mama mkwe anaweza kusoma akaamua.

Chai ya thaimu kwa kikohozi si maneno ya vijiweni. Shirika la Dawa la Ulaya linaitambua kama dawa ya asili kwa kikohozi chenye makohozi kinachoambatana na mafua, kwa msingi wa matumizi ya miaka mingi, sio kwa msingi wa majaribio makubwa ya hospitali. Mtu mzima anachukua gramu moja mpaka mbili za majani makavu, ni kama kijiko cha chai, anafunika kwenye kikombe cha maji yaliyochemka, anakunywa mara tatu au nne kwa siku. Funika kikombe, mvuke ukitoka na dawa imetoka.

Lakini mtoto ni habari nyingine. Mjukuu ana umri gani? Kama hajatimiza mwaka asipewe asali ya aina yoyote hata tone, asali inaweza kumletea sumu ya botulinamu. Mtoto yeyote anayekohoa huku anapumua harakaharaka, au ukimvua nguo unaona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani akivuta pumzi, huyo si wa chai, apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo. Na kikohozi kikifika wiki mbili, mkubwa au mdogo, apimwe kifua kikuu, vipimo ni bure kwenye vituo vya serikali.

Yale mafuta ya thaimu ya kichupa yanayouzwa mtandaoni asinywe mtu yeyote. Jani na mafuta yaliyokamuliwa ni vitu viwili tofauti kwa nguvu, kachupa kamoja ni majani ya shamba. Wajawazito waitumie kama kiungo cha chakula tu, wasiifanye dawa ya kila siku. Na mwenye mzio wa mnanaa au mrehani awe makini, zote ni ukoo mmoja.

MamaSwaumu_Tanga

Jamani nimesoma yote mara mbili, Mungu awazidishie. Mfamasia mjukuu ana miaka miwili, hapumui haraka na anacheza, ila kwa hayo uliyosema kesho asubuhi anakwenda kliniki na mama mkwe nimemsomea mwenyewe hiyo ya wiki mbili akanyamaza.

Sasa nina swali la nyongeza. Jirani yangu Mhindi ameninusisha ajwani anazotia kwenye bajia, naona harufu kama ileile ya thaimu ya kikopo, au pua yangu? Kama ni ileile si nitumie ajwani mpaka miche yangu ikue? Na miche yenyewe nianze lini, maana huku vuli bado inanyesha.

Mwalimu_Mstaafu

Pua yako iko sawa kabisa. Ajwani imejaa thaimoli, tena nyingi kuliko thaimu yenyewe. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza viwanda vya Ujerumani vilikuwa vinanunua mbegu za ajwani kutoka India ili kukamua thaimoli, kwa hiyo dawa nyingi iliyoitwa kwa jina la thaimu ilikuwa inatoka kwenye kiungo cha bajia.

Shefu_Kanairo

Ni kweli lakini mama kwa chakula enda polepole. Ajwani ina ukali na uchungu wa nyuma ambao thaimu haina, kwa sahani ya samaki ya mtu mmoja chukua punje kidogo tu za kushika kwa ncha za vidole viwili, zikaange kwa mafuta kwanza. Kwa kuku na viazi inaenda vizuri sana, kwa supu nyepesi usiweke. Na huyo shefu mwambie ukweli kwamba ni ajwani, akionja atakubali mwenyewe.

Mkulima_Usambara

Dada usingoje sana. Vuli ikipungua, Desemba mwishoni au Januari, hapo kuna kile kiangazi kifupi kabla ya masika, chomeka vipandikizi wakati huo kwenye mchanga, ikifika Machi vina mizizi na viko chungu kidogo unaviingiza chini ya paa kama Kibarazani alivyosema, na Juni upepo wa kusi ukishika hewa ikikauka ndio unavitoa juani na kuvihamishia vyungu vikubwa. Mimi nakuja Tanga kuleta mboga, njoo inboksi tupange, nitakukatia vitawi asubuhi ileile ya safari nivifunge kwenye karatasi yenye unyevu, ukivipokea usivilaze, chomeka jioni hiyohiyo. Andaa mchanga wa mtoni tu, hiyo kokoto ya chokaa tutaichanganya wakati wa kuhamishia.